Kipimo cha jeni chafichua TB sugu kwa saa mbili

KWA miaka mingi, mgonjwa aliyeshukiwa kuwa na kifua kikuu (TB) kisichosikia dawa alisubiri majuma kadhaa kabla ya kujua hali yake. Makohozi yake yalioteshwa katika maabara, na kwa kuwa viini vya ugonjwa huo hukua polepole, majibu yaliweza kuchukua hata miezi miwili. Muda huo wote alimeza dawa zisizomfaa, huku akiweza kuwaambukiza jamaa zake na wagonjwa wenzake wodini.

Hali ilianza kubadilika Desemba 2010, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipoidhinisha kipimo cha GeneXpert. Kenya ilianza kukitumia mwaka wa 2011.

Makohozi huchanganywa na kemikali, kisha hutiwa katika kikasha kinachoingizwa mashineni. Humo, sehemu ya jeni ya viini iitwayo rpoB hunakiliwa mara nyingi hadi iweze kutambuliwa. Jeni hiyo ikiwa imebadilika, ni ishara kwamba viini hivyo haviwezi kuuawa na rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB. Majibu hupatikana kwa muda wa saa mbili hivi.

Kwa wakazi wa Rongo, mji wa Kaunti ya Migori ulio karibu na mpaka wa Homa Bay, kipimo hiki kina uzito wa pekee. Kaunti hizo mbili ni miongoni mwa zilizoathiriwa zaidi na virusi vya Ukimwi nchini, na wanaoishi na virusi hivyo hushikwa na TB kwa urahisi. Aghalabu makohozi yao huwa na viini vichache mno kuonekana kwa darubini. Wachimbaji dhahabu wa Migori nao hudhuriwa mapafu na vumbi la mawe, hali inayozidisha hatari ya TB.

Hata hivyo, kipimo hicho cha kwanza hakitambui usugu dhidi ya dawa nyingine, kama vile isoniazidi. Aidha, mashine huhitaji umeme wa kutegemewa, na kasi yake haina faida iwapo makohozi yatachelewa njiani au mgonjwa hatapatikana kupewa majibu.

TB sugu hutibika. Matibabu yaliyokuwa yakichukua hadi miaka miwili sasa yanaweza kukamilika kwa miezi sita kwa wagonjwa wengi, kufuatia mwongozo wa WHO wa mwaka wa 2022. Anayekohoa mfululizo, kutokwa na jasho usiku au kupungua uzani anashauriwa kwenda kupimwa mapema.