Sweta: Kutoka nguo ya ndani hadi jukwaa la mitindo

NGUO za kufuma, ambazo wengi huzifahamu kwa sweta za shule na soksi, zimesafiri kwa karne nyingi kabla ya kupata heshima katika majukwaa ya mitindo. Katika safari hiyo, kila mashine mpya imeibua swali lile lile: fundi atabaki na nini?

Tofauti ya nguo hizi na nyingine iko katika uzi wenyewe. Kitambaa cha shati huundwa kwa nyuzi zinazopishana, kisha hukatwa na kushonwa. Sweta hujengwa kwa vitanzi vya uzi vilivyoshikana, ndiyo maana hunyumbulika na kuufuata mwili.

Mwaka 1589, Mwingereza William Lee alibuni mashine ya kufuma soksi. Malkia Elizabeth I alikataa kumpa hataza, na inasimuliwa kuwa alihofia wafumaji wa mkono wangekosa riziki. Lee akahamia Ufaransa.

Hata hivyo, mashine hiyo ilienea. Kuanzia mwaka 1811, mafundi wa Nottingham waliokuwa wakiitumia walivunja mashine za waajiri wao, wakilalamikia ujira mdogo na soksi duni zilizoharibu soko. Mwaka uliofuata, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya adhabu ya kifo kwa kosa hilo.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kitambaa cha jezi kilitumika zaidi kwa nguo za ndani za wanaume. Mbunifu wa Ufaransa, Coco Chanel, ndiye aliyekipa hadhi alipokitumia kwa mavazi ya wanawake wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Mwaka 1927, Elsa Schiaparelli aliushangaza mji wa Paris kwa sweta nyeusi yenye picha ya utepe mweupe uliofungwa shingoni. Picha hiyo ilikuwa sehemu ya ufumaji wenyewe, kazi ya mikono ya Waarmenia waliohamia mjini humo.

Nchini Italia, Ottavio na Rosita Missoni walianzisha kampuni yao mwaka 1953 na kujulikana kwa mistari ya rangi nyingi. Nchini Ufaransa, Sonia Rykiel alipata umaarufu katika miaka ya 1960 kwa sweta zenye kubana mwili.

Mwaka 1995, kampuni ya Shima Seiki ya Japani ilizindua mashine inayofuma vazi zima bila mshono. Teknolojia hiyo hupunguza mabaki ya uzi, lakini pia huondoa kazi ya kuunganisha vipande, ambayo ni ajira ya mafundi viwandani. Mwaka 2012 Nike ilileta viatu ambavyo sehemu yake ya juu hufumwa.

Barani Afrika, Laduma Ngxokolo wa Afrika Kusini alianza mwaka 2010 kubuni sweta za vijana wa Kixhosa waliotoka jandoni, ambao kwa mila hutakiwa kuvaa mavazi mapya ya heshima. Nakshi alizichukua katika shanga za jamii yake, na sufu katika mbuzi na kondoo wa nchini mwake.

Sweta zake hufumwa kwa mashine. Hata hivyo, mashine haikuzibuni nakshi hizo. Zilitoka katika mikono ya waliotunga shanga vizazi vingi kabla yake.