Jukwaa la Ruring'u

Mimi ni mshereheshaji hapa Nyeri, na sijui kazi ngumu kama kupanda jukwaa uwanjani Ruring'u. Hapo ndipo chama cha siasa cha KAU (Kenya African Union) kilipofanya mkutano wake tarehe 26 Julai 1952, watu makumi ya maelfu. Jomo Kenyatta, kiongozi wake, alieleza bendera ya chama: nyeusi ni Waafrika, nyekundu ni damu, kijani ni ardhi. Akakemea wizi, akadai ardhi, akawaambia watu wasiwaogope askari wenye bunduki waliosimama chini ya miti. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo alipowapata.

Kinachonichekesha ni kwamba polisi walikuwa wakinukuu, na maneno yao yakachapishwa katika ripoti ya Corfield ya 1960, ripoti ya serikali ya kikoloni kuhusu Mau Mau, iliyomlaumu Kenyatta yuleyule. Serikali iliyomfunga ikamtunzia hotuba.

Oktoba 20 mwaka huohuo wa 1952 hali ya hatari ikatangazwa. Mwaka uliofuata KAU ikapigwa marufuku. Eneo lote la Mlima Kenya mikutano ikawa ni ya machifu tu: wao wanasema, wewe unasikiliza.

Wanawake walikuwa wamezoea kusikiliza tu. Katika kiama, yaani baraza la wazee wa Kikuyu, walizungumza wazee wa kiume, wameshika fimbo zao. Ndiyo maana Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira na binti wa Ihithe hapa Nyeri, aliwachoma watu sana. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 bustanini Uhuru Park, Nairobi. Wabunge wakamkejeli, Rais Moi akasema mwanamke anayefuata mila huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Akazidi kuandika barua na kusema. Wafadhili wakajitoa, na jengo halikujengwa.