Filamu, Maji na Joto: Safari ya Tangi la Kuzunguka

Kusafisha filamu kwa mashine ya kuzungusha ni kulilaza tangi lenye filamu na kulizungusha mfululizo, ili dawa kidogo iliyo chini iguse filamu yote kwa zamu. Filamu moja ya milimita 35 ikisafishwa kwa kupinduapindua tangi hutaka mililita 250 hivi za dawa. Katika tangi dogo linalozungushwa la Jobo, kampuni ya Kijerumani, 140 zinatosha. Mjini tofauti hiyo haishtui mtu. Rungwa, kusini mwa Singida, ambako mvua ni ya msimu mmoja na dawa husafirishwa kutoka mbali, kila chupa ina hesabu yake, ingawa ukweli ni kwamba maji mengi huishia kwenye kusuuza.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1902 Kodak ilitoa kisanduku chenye mpini, mtu akazungusha na kusafisha filamu yake mchana bila chumba cha giza. Afrika Mashariki kazi hiyo ilibaki mikononi mwa wenye studio, kama Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, na wageni wenye uwezo. Kuanzia 1924 Martin na Osa Johnson, Wamarekani wapiga picha za wanyama, walikuwa na maabara yao kando ya Ziwa Paradise, Marsabit, kaskazini mwa Kenya. George Eastman, mwanzilishi wa Kodak na mmoja wa wafadhili wao, alifika huko mwenyewe mwaka 1926.

Adui mkubwa alikuwa joto. Chembe za fedha zinazobeba picha zimo ndani ya utando wa jelatini, na jelatini ikilowa katika dawa ya moto huvimba, hulegea, hata kubanduka. Mafundi wa nchi za joto walisafisha usiku wa manane au alfajiri, na kutia katika dawa chumvi ya kuzuia uvimbe huo.

Filamu za rangi ziligeuza hesabu. Mfumo wa C-41, ulioingia mwaka 1972, hutaka dawa ya kwanza iwe na nyuzi 38 za Sentigredi kwa dakika 3 na sekunde 15, na kosa la nusu nyuzi tu laweza kuharibu rangi. Hapo ndipo mashine za Jobo, iliyoanzishwa mwaka 1923, zilipopata soko majumbani: beseni la maji ya moto hushika joto, mota huzungusha tangi na kubadili mwelekeo ili dawa isiache michirizi. Kwa filamu nyeusi na nyeupe muda hupunguzwa kidogo, kwa kuwa dawa haitulii.

Kamera za dijitali zilipunguza wateja, lakini Jobo ilirudi sokoni na mashine mpya mwaka 2012. Kwa Rungwa yenye joto la Oktoba, filamu ya rangi ndiyo rahisi: maji yaliyokaa juani yanahitaji kuongezwa joto kidogo tu kufikia 38, ilhali filamu nyeusi na nyeupe, inayopendelea nyuzi 20, itadai barafu.