Herufi Zilizotangulia Maneno: Historia Fupi ya Vifupisho vya Kiingereza na Funzo Lake kwa Mwalimu

0. Utangulizi

Mwanafunzi wetu wa Kiingereza, aliyelelewa katika Kiswahili na kusomeshwa kwa Kifaransa, siku hizi hukutana na lugha hiyo kwenye kioo cha simu kabla ya kukutana nayo kitabuni. Humo huona OK, LOL na OMG, akamwuliza mwalimu: "Herufi hizi zinasimama badala ya maneno gani?" Mwalimu huyataja maneno, mwanafunzi huyaandika daftarini, na wote wawili huamini kwamba kazi imekwisha.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kazi hiyo ndiyo kwanza imeanza. Historia ya vifupisho vya Kiingereza yatufundisha kwamba maneno yanayodhaniwa kufichwa ndani ya herufi si sharti yawe ndiyo maana ya kifupisho. Na mara nyingine hayakuwamo kamwe. Tutaangalia mifano minne, kisha tutatoa funzo lake kwa darasa.

1. OK: mzaha uliosahauliwa

Tarehe 23 Machi 1839, gazeti la Boston Morning Post, nchini Marekani, lilichapisha herufi "o.k.". Waandishi wa magazeti wa mji ule walikuwa na mchezo wa kuharibu tahajia ya msemo kwa makusudi, kisha kuufupisha. "All correct", yaani yote ni sahihi, waliigeuza kuwa "oll korrect". Vifupisho vingine vya mchezo huo vilikufa upesi. OK iliokolewa na siasa: katika uchaguzi wa mwaka 1840, wafuasi wa Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook katika jimbo la New York, walimwita "Old Kinderhook", wakaunda na klabu ya O.K. Van Buren alishindwa na William Henry Harrison, lakini herufi zake hazikushindwa.

Baadaye asili hiyo ikasahauliwa. Wengine walidai neno limetoka katika lugha ya Wachoctaw, wengine katika Kigiriki, wengine katika lugha za Afrika ya Magharibi. Ni mtaalamu Allen Walker Read aliyepekua magazeti ya kale na kutoa ushahidi wake katika jarida la American Speech, mwaka 1963 na 1964. Basi kwa zaidi ya karne moja mamilioni ya watu walilitumia neno hilo sawasawa bila kujua herufi zake zilitoka wapi. Jambo hilo latosha kuonyesha kwamba asili ya kifupisho ni kitu kimoja, na maana yake ni kitu kingine.

2. SOS: maneno yaliyokuja nyuma

Mfano wa pili una nguvu zaidi. Wengi tulifundishwa kwamba SOS ni "save our souls", yaani ziokoe roho zetu. Sivyo. Ishara hiyo iliwekwa katika kanuni za Ujerumani mwaka 1905, ikakubaliwa na mkutano wa kimataifa wa Berlin mwaka 1906, na kuanza kutumika rasmi tarehe 1 Julai 1908. Ilichaguliwa kwa sababu ya mlio wake: nukta tatu, mistari mitatu, nukta tatu, bila kituo katikati, mlio ambao sikio halikosei hata katika tufani. Hakuna neno lililofupishwa. Watu waliona herufi tatu, wakazitafutia maneno.

Hata ishara ya CQD, iliyotumiwa na watu wa Marconi tangu 1904, ilipewa maneno "come quick, danger", yaani njooni upesi, hatari. Kumbe CQ ilikuwa mwito kwa vituo vyote, na D ilionyesha dhiki tu.

Tusiwacheke. Katika miaka ya 1980, nchi yetu ilipokuwa ikiitwa Zaire, herufi za SIDA zilipewa maneno mapya ya Kifaransa: "syndrome imaginaire pour décourager les amoureux", yaani ugonjwa wa kubuniwa ili kuwavunja moyo wapendanao. Mzaha huo ulichekesha. Lakini aliyeusadiki hakujikinga. Kufasiri herufi si mchezo mtupu kila wakati.

3. OMG na LOL: umri na upotovu

Wazee hudhani OMG ni uharibifu ulioletwa na vijana wa intaneti. Tarehe 9 Septemba 1917, Lord Fisher, mkuu wa zamani wa jeshi la majini la Uingereza, akiwa na umri wa miaka 76, aliiandika katika barua kwa Winston Churchill. Akaongeza papo hapo maelezo ya kwamba herufi hizo ni mshangao wa kumtaja Mungu, kwani alijua msomaji wake hazijui. Barua hiyo ilichapishwa mwaka 1919. Mzee huyo alikuwa mwalimu mwema kuliko wengi wetu: hakutumia kifupisho bila kukifafanua.

LOL nayo ilibadilika. Kamusi ya Oxford, iliyoipokea pamoja na OMG mwezi Machi 2011, yaonyesha kwamba mnamo 1960 herufi hizo zilimaanisha bibi kizee mdogo. Maana ya kucheka kwa sauti, "laughing out loud", ilionekana katika jarida la mtandao wa FidoNet mwezi Mei 1989. Lakini mwaka 2012, mbele ya tume ya uchunguzi mjini London, mhariri wa zamani Rebekah Brooks alisimulia kwamba Waziri Mkuu David Cameron alikuwa akifunga ujumbe wake kwa LOL, akidhani ni "lots of love", yaani upendo mwingi. Ikiwa mwenye lugha yake alikosea hivyo, mgeni atasalimikaje? Hebu tufikiri mwanafunzi anayeituma LOL kwa mfiwa.

4. Funzo kwa darasa

Kwa hiyo twapendekeza kila kifupisho kielezwe kwa mambo matatu. La kwanza ni asili, pale tu inapothibitishwa. La pili ni matamshi. Kifaransa hutamka ONU kama neno moja. Kiingereza hutaja UN herufi moja moja. NATO hutamkwa kama neno, BBC kwa herufi. Matamshi ndiyo yanayotawala kibainishi: husemwa "an MP" lakini "a UN report", kwa kuwa sikio husikiliza sauti, halitazami herufi. La tatu ni mazingira: nani humwandikia nani, kwa heshima gani. Hata RSVP, ambayo sisi twaona wazi Kifaransa chake, Waingereza wameifanya kitenzi, wala hawalisikii tena ombi la adabu lililomo ndani.

Lugha yetu yatoa ushahidi uleule. UKIMWI imeundwa kutoka Upungufu wa Kinga Mwilini. Lakini msemaji husema "ukimwi umeenea", na kwetu husikika pia "sida imeenea". Kila neno limepata ngeli yake, limeacha kuwa kifupisho.

5. Hitimisho

Herufi hupokea maana kutoka kwa watu wanaozitumia, si kutoka kwa maneno zilikotoka peke yake. Mwalimu asiyekuwa na hakika ya asili na aseme hana hakika, kuliko kubuni. Maneno yaliyobuniwa hukaa daftarini miaka mingi, na mwanafunzi atakapokuwa mwalimu atayarithisha kwa wengine.