Mbolea ya Naitrojeni na Utitiri Mwekundu katika Historia ya Pamba ya Zimbabwe

Historia ya pamba ya Zimbabwe huandikwa kana kwamba ni historia ya sumu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, J. P. Tunstall na G. A. Matthews walifanya utafiti Kadoma, mji ulioitwa Gatooma wakati huo, wakamfundisha mkulima kukagua shamba na kuhesabu mayai ya funza wa vitumba kabla ya kunyunyizia DDT au kabarili. Mavuno yalipanda. Lakini sumu zilizomwua funza ziliua pia wadudu walao utitiri. Utitiri mwekundu wenyewe, ambao si mdudu bali ni jamaa wa buibui, ulibaki bila adui.

Makala haya yanashikilia kwamba masimulizi hayo yanaisahau mbolea. Katika miaka ya 1970 kiwanda cha Kwekwe kilianza kupata haidrojeni kwa kuyachanganua maji kwa umeme, na nitreti ya amonia ikapatikana nchini humo humo, licha ya vikwazo vya kimataifa. Jani lililoshiba naitrojeni huwa na asidi amino nyingi. Utitiri unaolifyonza hukua upesi na kutaga zaidi, na wakati wa joto kizazi kimoja hukamilika kwa siku 10 hivi. Tena mpamba hujaa majani na kuchelewa kukomaa, na majani yakisongamana dawa haifiki upande wa chini, ambako ndiko utitiri unakoishi. Naitrojeni ya kiasi huongeza vitumba. Ikizidi, humlisha mharibifu, na majani hupukutika kabla vitumba havijajaa.

Usugu dhidi ya daimethoeti ulipojitokeza, nchi iligawanywa katika kanda tatu. Kila kanda ilitumia kundi moja la sumu za utitiri kwa misimu miwili, kisha ikahamia kundi jingine. Mpango huo ulidai nidhamu ya wakulima na wauza dawa pia, jambo lisilo jepesi popote. Hata hivyo ulitawala kopo la sumu, si mfuko wa mbolea.

Washauri wanaoandaa ruzuku ya pembejeo katika nchi zetu wangali wanavitenga viwili hivyo. Mkulima anayepewa mbolea ya kukuzia apimiwe udongo kwanza, aigawe mbolea hiyo kwa awamu, na afundishwe kugeuza jani na kulikagua, hasa mvua zinapokatika katikati ya msimu.