Muuguzi Mlangoni pa Shule

Hapo zamani katika mji wa New York, mtoto aliyeonekana ana upele au macho mekundu alirudishwa kwao, akakaa bila dawa, wala hapana aliyemwuliza. Mwaka 1902 muuguzi mmoja, Lina Rogers, aliwekwa kwa majaribio katika shule 4. Wenye maradhi madogo aliwatibu pale pale; wengine aliwafuata nyumbani, akawafundisha mama zao. Faida ikaonekana, wauguzi wakaongezwa.

Hata mwaka 1918, yalipokuja mafua makuu yaliyofika mpaka Afrika ya Mashariki, miji mingi ya Marekani ilifunga shule. New York haikufunga: kila asubuhi watoto walitazamwa, na aliyekuwa mgonjwa alitengwa akaangaliwa.

Nasi twakumbuka Machi 2020, korona ilipoingia Tanzania, shule zikafungwa. Zilipofunguliwa tarehe 29 Juni, hapa Katoro, mji wa biashara na wachimbaji wa dhahabu, nilisimama mlangoni na ndoo ya maji na sabuni. Muuguzi hatukuwa naye. Nilitazama mikono ya waliokuja, wasiokuja sikuwauliza. Siku ya nne nilikwenda kwa mtoto mmoja, nikamkuta amelala na homa. Wazazi walimficha, wakiogopa kutengwa. Tulimpeleka zahanati: ilikuwa malaria, akapona.

Basi, wazazi na walimu wenzangu, kunawa mikono ni kwema; lakini kazi ya muuguzi huanza kwa kumwuliza yule asiyekuja.