Miti ya Kukinga Upepo katika Mbuga za Marekani, 1873–1942

Mbuga kuu za Marekani, kutoka Dakota ya Kaskazini hadi Texas, ni nchi ya nyasi. Upepo ushukao kutoka Kanada wakati wa baridi haukuti msitu wa kuupunguza nguvu. Walowezi waliofika huko kwa sheria ya 1862, iliyowapa hadi hektari 65 katika ardhi iliyokuwa ya Wapawnee, Walakota na mataifa mengine, walijenga kwa matofali ya udongo na nyasi, kwa kuwa mbao hazikupatikana. Tarehe 12 Januari 1888 dhoruba ya theluji iliwakuta wengi mashambani na watoto shuleni; waliokufa wanakisiwa kuwa 235.

Serikali ilikuwa imekwisha kujaribu dawa yake. Sheria ya 1873 ilimwahidi hektari 65 nyingine yule atakayepanda miti kwenye hektari 16 kati ya hizo. Mwaka 1878 sharti likapunguzwa hadi hektari 4. Wapo walioamini hata kwamba misitu ingevuta mvua. Lakini miche ilikauka, na wengi waliojiandikisha walitaka kuishika ardhi tu, waiuze baadaye. Sheria ilitafuta miti ikapata madalali, nayo ikafutwa mwaka 1891.

Wakati huo huo mkulima aliyekwisha kukaa alikuwa akijifunza kwa njia ya taabu. Alipanda safu chache upande wa kaskazini na magharibi ya nyumba, ndiko pepo kali zitokako. Akipanda karibu mno, theluji ilirundikana mlangoni. Ilimpasa kuacha mita 30 au zaidi ili irundikane kati ya miti na nyumba. Vichaka vilikaa nje, miti mirefu ndani, na katikati yao mierezi au misonobari isiyopukutisha majani. Ukuta mzito haukufaa, kwani upepo uurukao hugeuka kisulisuli nyuma yake; miti ipitishayo upepo kidogo huutuliza mbali zaidi. Miti ya mita 10 hukinga vema kiasi cha mita 100. Nyuma yake kuni zilidumu zaidi, na ng'ombe walihitaji chakula kidogo zaidi cha kujipashia joto.

Mambo haya madogo ndiyo yaliyouokoa mradi mkubwa wa 1934. Mwezi Julai wa mwaka huo, vumbi la ukame likiwa limeifunika nchi, Rais Franklin Roosevelt aliamuru upandaji wa miti katika ukanda wenye upana wa kilomita 160, kutoka mpaka wa Kanada hadi Texas. Watu walidhani utakuwa msitu mmoja mfululizo, wakacheka, hata baadhi ya wataalamu wa misitu wakiwamo. Bunge nalo halikutaka kuutolea fedha, hivyo mradi uliishi kwa fedha za kuwapa kazi wasio na ajira. Raphael Zon, mzaliwa wa Urusi, alisimamia utafiti. Paul Roberts aliongoza kazi kutoka Lincoln, Nebraska. Kilichopandwa hatimaye kilikuwa vipande vyembamba kandokando ya mashamba na nyumba za wale waliokubali. Serikali ilileta miche na vibarua. Mkulima alitoa ardhi, akapalilia, akazungushia ua mifugo isiingie. Mche wa kwanza ulipandwa Oklahoma mwezi Machi 1935. Kufikia 1942 ilikuwa imepandwa miti zaidi ya milioni 220, kiasi cha kilomita 30,000, katika mashamba 30,000 hivi.

Hata hivyo mapatano yaliyoikuza miti hiyo yaliiacha mikononi mwa mwenye shamba na warithi wake. Baada ya vita ilikuja mitambo ya kumwagilia maji, ambayo bomba lake refu huzunguka shamba kama mshale wa saa. Safu ya miti iliyolizuia ilikatwa. Mwaka 1975 ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilitoa taarifa ikitaka hatua zichukuliwe kuwazuia wakulima wasiing'oe. Lakini wengi wa wakulima hao hawakuwa wale waliokuwa wameshika jembe la palizi mwaka 1935.